Gwaride la Watu Tisa

Vijana wawili wa Ihanda walio likizo kutoka chuo kikuu walinikuta juma lililopita nikikata majani makavu ya migomba. Waliniamkia vizuri, wakakaa juu ya gogo, wakaniuliza swali ambalo halikunifurahisha.

"Mzee, wewe ulikuwa polisi upande wa upelelezi. Sisi tunasoma saikolojia. Huko kwenu kuna kazi kwa watu kama sisi, au tutaishia kushika chaki?"

Halikunifurahisha kwa sababu nina wivu. Nalisema mapema ili mjue mnamsoma nani. Elimu yangu ya darasani iliishia darasa la saba. Niliingia polisi mwaka 1978, nikatumikia miaka ishirini, nikatoka na cheo cha sajini. Nilichokijua kuhusu akili ya mtu anayehojiwa nilikipata kwa kukaa naye chumba kimoja, na kwa kitabu kimoja chakavu cha Kiingereza kisicho na jalada, nilichokisoma kwa kamusi miaka miwili. Ninyi mnapewa yote hayo mkiwa mmekaa kitini, na mwisho mnavishwa joho. Niliwajibu vijana wale maneno machache, wakaenda zao. Usiku sikupata raha, nikaona si haki. Jibu kamili ni hili.

Kazi zipo, nyingi kuliko mnavyodhani. Ila kwanza niwaondoe kwenye ndoto moja. Vijana wengi wakisikia uchunguzi wa jinai wanafikiria darubini na chupa za damu. Huko maabara wanataka mtu aliyesoma kemia na baiolojia. Saikolojia yenu haitawafungulia mlango huo. Na wala msisikitike sana, kwa maana uchunguzi wa vitu una aibu zake. Mimi mwenyewe niliuonja mwaka wangu wa pili kazini.

Palikuwa na wizi wa mabati. Nyuma ya ghala nikakuta alama ya kiatu kwenye tope, safi kabisa, kisigino kimepasuka. Kitabu changu kilisema alama kama hiyo humiminiwa plasta, ikikauka unaibeba kama kielelezo. Plasta hatukuwa nayo. Hata hospitali walifunga miguu iliyovunjika kwa vipande vya mbao. Nikaomba unga wa muhogo kwa mama wa nyumba ya jirani, nikapika uji mzito, nikaumimina juu ya alama, nikazungushia vijiti, nikaenda kutafuta mashahidi. Niliporudi kuku wa mji ule walikuwa wameshamaliza uji, na kwa kuparura wamemaliza na alama yenyewe. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mkubwa wangu alikuwa Sajini Bernado, mtu wa Muleba, mpole, aliyeanza kazi kabla ya Uhuru. Alisimama akatazama lile tope kwa muda.

"Andika kwenye jalada," akasema. "Kielelezo kimeliwa."

"Na kuku, afande?"

"Waandike mashahidi. Wameona kila kitu."

Kuanzia siku ile Bernado alinifundisha kupima alama kwa uzi wenye mafundo na kuichora kwenye karatasi kabla ya kufanya jambo lolote lingine. Alinifundisha pia kilicho chenu zaidi: kwamba mtu aliyeibiwa anakumbuka mambo matano, na matatu kati ya hayo ameyapata kwa jirani aliyefika kumpa pole. Kwa hiyo mhoji mapema, mhoji peke yake, na usimwekee jibu ndani ya swali. Ukimuuliza "Alikuwa na shati jekundu?" umeshamvisha mwizi shati.

Hiyo ndiyo kazi ya kwanza kwenu, kuhoji. Nyingine iko magereza. Nilimfahamu askari magereza mmoja ambaye mahabusu mpya akiletwa hakumsikiliza anachosema. Alimtazama anavyotumia vitu vyake. Mahabusu akianza siku ya tatu kugawa blanketi na ndala zake kwa wenzake, askari yule alihamishia kiti chake karibu na mlango wa chumba cha mahabusu huyo na hakuondoka, asije akajiua. Hakujua jambo hilo linaitwaje. Ninyi mnajua linavyoitwa, na magereza yote yanahitaji anayelijua. Kuna na mahakama. Hakimu akitaka kumhukumu kijana aliyechoma banda la shangazi yake, anahitaji mtu wa ustawi wa jamii aende nyumbani, aulize kijana yule analala wapi, anakula na nani, alianza lini kukojoa kitandani. Nimesoma taarifa ya aina hiyo iliyomwokoa mtoto asipelekwe jela. Ilikuwa ya ukurasa mmoja. Zipo na shule za watoto waliovunja sheria, na hospitali ambako mahakama hupeleka mshtakiwa apimwe kama akili yake ilikuwa sawa siku ya kosa. Kote huko wanatafuta watu, na kwa miaka yangu kote huko waliokuwa wakiifanya kazi hiyo ni watu kama mimi, kwa kubahatisha.

Sasa niwaambie kilichotokea mtu kama ninyi alipoletwa kituoni kwetu.

Alikuja mwaka 1986, juu ya lori la kahawa, na sanduku la vitabu lililohitaji watu wawili kulishusha. Mkaguzi Msaidizi Omari, mwenyeji wa Tanga, miaka ishirini na saba, shahada yake ya ualimu na saikolojia. Mimi nilikuwa koplo, miaka minane kazini, nimemzidi umri kidogo, na nilimpigia saluti. Kiswahili chake kilikuwa laini kiasi kwamba mahabusu waliacha kugombana wamsikilize. Changu hadi leo kina Kinyambo ndani yake, na mkuu wa kituo alikuwa na mazoea ya kuniiga mbele za watu.

Kabla ya Omari, shahidi mgumu akija, mkuu wa kituo alisema, "Mwiteni Projestus." Ndilo jina langu. Baada ya Omari ikawa, "Mwiteni msomi." Konstebo mmoja mwenye maneno alipita mezani kwangu akanong'ona, "Koplo, naona umepata mwalimu wa chekechea." Nilimwambia akafagie uwanja. Alifagia huku anacheka.

Na Omari hakuwa mtu mbaya. Laiti angekuwa. Aliwasalimu wafagiaji, alikula ndizi zetu bila kukunja uso, alijaribu hata rubisi, pombe yetu ya ndizi, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Ndiyo maana nilimwonyesha daftari langu.

Lilikuwa daftari la jalada gumu, nimelijaza miaka minane. Kila kesi niliandika nilichouliza, nilichojibiwa, na baadaye nilichogundua kuwa kweli. Nilikuwa nimeona, kwa mfano, kwamba shahidi aliyeelekezewa bunduki anaikumbuka bunduki kuliko uso wa aliyeishika. Nilikuwa nimeona kwamba mtu akiulizwa jambo lile lile mara ya pili anadhani jibu la kwanza lilikuwa kosa, na hulibadilisha. Hakuna mtu aliyeniambia hayo. Nilimpa Omari daftari siku ya Ijumaa. Jumatatu alilirudisha.

"Koplo Projestus, umejifunzia wapi haya?"

"Hapa hapa, afande."

"Ajabu kweli! Haya yote yamo kwenye kitabu cha mwaka wa kwanza."

Alitabasamu aliposema. Alikuwa ananisifu, na najua hivyo sasa kama nilivyojua siku ile. Lakini fikirini ninyi: miaka minane, na mtu anaisoma siku mbili za mapumziko, kisha anakwambia iko kwenye kitabu cha wanaoanza. Nilimshukuru. Tangu siku hiyo nilikuwa namtafutia Omari siku ya kukosea. Sikuwa na nia ya kumwekea mtego. Nilichotaka ni siku moja tu ambayo vitabu vyake visingetosha na wote wakaona.

Siku hiyo ililetwa na mwanamke wa Kihanga aitwaye Consolata. Alikuwa ameolewa kwenye familia iliyotoka Rwanda zamani, watu wa kanisa, wakulima. Mchana mmoja alikuwa peke yake anageuza kahawa kwenye mikeka. Akaja mwanamume akaomba maji. Consolata akampa, akamtazama anavyokunywa. Alipogeuka kupokea kata alipigwa kwa mpini wa jembe, na alipozinduka magunia mawili ya kahawa na baiskeli ya mume wake havikuwepo. Uso wa mtu huyo aliueleza vizuri: urefu wa kadiri, ndevu fupi, mashavu yaliyobonyea, miaka thelathini na kitu.

Baada ya siku nne mgambo wa Kihanga walimleta Nestori, kibarua mwenye asili ya Burundi, kwao Kibingo ya huku kwetu, aliyekuwa akizunguka kuchuma kahawa mashamba ya watu. Ndevu fupi, mashavu yamebonyea. Alikuwa na kahawa kavu kwenye mfuko, nusu debe. Alisema amelipwa kahawa badala ya fedha na mtu ambaye alikuwa amekwisha kuhama. Nilimhoji mimi, nikaona anayosema yanawezekana na yasiyosemwa pia yanawezekana. Kosa aliloshukiwa lilikuwa unyang'anyi wa kutumia nguvu. Akipatikana na hatia, watoto wake wangekua bila kumwona.

Ushahidi wote ulikuwa macho ya Consolata. Ikaamuliwa lifanyike gwaride la utambulisho.

Kwa wasiojua: mshukiwa husimamishwa mstari mmoja na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye, achague mwenyewe pa kusimama, kisha shahidi anaingizwa. Akimwona mtu aliyemtendea, anamgusa begani. Asipomwona anasema hayupo. Kanuni inataka gwaride liendeshwe na ofisa, na inamkataza mpelelezi wa kesi kulisogelea. Mpelelezi wa kesi nilikuwa mimi. Kumbukeni hilo, kwa sababu nililitumia.

Omari aliliandaa siku mbili, na lilikuwa gwaride zuri kuliko yote niliyowahi kuona. Zamani tulikuwa tunaokota watu wanane sokoni, wengine wazee, wengine na suti za Jumapili. Yeye alichukua maelezo ya Consolata akatafuta watu wanaofanana na maelezo. Aliwavua wote viatu ili viatu visimtofautishe mtu. Aliwapanga upande wa kivuli ili jua lisimpige shahidi machoni. Aliwauliza kama kuna anayemfahamu mshukiwa. Kumtaja shahidi hakuweza, kwa kuwa kanuni inakataza wajue nani atakuja. Nestori alichagua mwisho wa mstari, karibu na mlango wa kutokea uwanjani.

Nilikuwa dirishani mwa ofisi. Nikaona mtu wa nne akiingia mstarini huku anajifuta grisi mikononi. Alikuwa Kazimiri, fundi baiskeli wa pale jirani, ndevu fupi, miaka thelathini na nne.

Kazimiri alikuwa mdogo wa mwisho wa baba yake mume wa Consolata. Kwa umri angeweza kuwa kaka yake. Kwa familia ile alikuwa baba mkwe, sawasawa na baba mzazi wa mume, na familia ile ilishika mambo hayo kuliko wengine. Mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Akikutana naye njiani anajitanda kitenge kichwani, anatoka njiani, anapiga magoti pembeni, macho chini, mpaka apite. Mimi nilikuwepo kwenye harusi yao. Nilimwona Consolata akimwamkia Kazimiri hivyo hivyo, na Kazimiri, kijana wa watu, akipita kwa haraka kwa aibu.

Omari asingeweza kujua. Majina yao hayafanani hata kidogo, na sura zao hazifanani. Hakuna kitabu cha mwaka wa kwanza wala wa mwisho ambacho kingemwambia.

Alipita chini ya dirisha langu, karatasi mkononi. Akasimama.

"Koplo, unaonaje? Wanafanana?"

"Wanafanana, afande," nikajibu.

Ilikuwa kweli. Alinishukuru akaenda. Nami nilijiambia: kanuni inanikataza kusogelea gwaride.

Nilichotarajia nakikumbuka vizuri. Nilitarajia Consolata ataingia, atamwona Kazimiri, atajifunika, atakataa kuendelea. Gwaride litavunjika. Mkuu wa kituo atauliza kulikoni, nami nitatoka ofisini nieleze kwa heshima, na watu wote watajua kwamba kuna elimu ambayo haiji na sanduku. Hicho ndicho nilichokitaka, na kwa hicho niliona nusu saa ya aibu ya Omari si gharama kubwa.

Consolata aliingia. Omari alimweleza kwa ile sauti yake nzuri kwamba huenda mtu huyo yumo na huenda hayumo, na kwamba akiwa hayumo aseme tu. Akaitikia kwa kichwa. Akaanza upande wa mbali. Wa kwanza alimtazama. Wa pili akamtazama. Alipofika wa tatu nikaona amejua. Kitenge kilipanda kichwani, shingo ikainama, macho yakaenda ardhini yasiinuke tena. Kazimiri naye, aliyeambiwa asisogee wala asiseme, alikuwa ametazama juu kama anahesabu mabati. Consolata alipita watu waliobaki haraka haraka, akitazama miguu mitupu. Alipofika karibu na mlango alinyoosha mkono akamgusa wa mwisho.

"Mama, nitazame!" Nestori alipiga kelele. "Nitazame usoni! Mama, inua uso unitazame!"

Hakuinua. Alitoka mbio.

Omari aliandika: shahidi amemtambua mshukiwa. Mkuu wa kituo alimpa mkono. Nestori alifikishwa mahakamani, akapelekwa rumande. Na mimi, niliyetarajia kutoka ofisini kwa heshima, sikutoka. Kila saa iliyopita ilifanya iwe vigumu zaidi, maana swali la kwanza lingekuwa: ulikuwa wapi wakati wote?

Nilinyamaza siku tisa. Siku ya kumi Kazimiri alikuja kituoni kutengeneza baiskeli ya doria. Aliigeuza magurudumu juu, akazungumza na mnyororo badala ya kuzungumza nami.

"Projestus, harusi ya Consolata ulicheza sana."

"Nilikuwepo."

"Na siku ile ulikuwa dirishani."

"Nilikuwepo."

"Basi." Akazungusha pedeli. "Mke wa mtoto wetu hatoki kwenda kuchota maji. Anasema ameniaibisha. Mimi naona nimemwaibisha yeye. Na yule Mrundi anakula maharage ya rumande. Ninyi watu wa serikali mna kazi nzuri sana, bwana."

Alimaliza mnyororo, akaondoka bila kuaga. Sijui kama ningesema bila Kazimiri. Ningependa kuandika kwamba ningesema, lakini nimewaambia mara nyingi watu waliokaa mbele yangu waseme wanachokijua tu.

Mchana huo nilikwenda Kihanga. Mume wa Consolata alikuwepo, nikaomba akae nasi. Niliongea Kinyambo, sikutaka lugha ya kituoni iingie kati yetu.

"Dada, siku ile uliona nini?"

"Miguu."

"Ya nani?"

"Ya wote. Ile ya baba mkwe ina kovu. Nilipoiona sikuona kitu tena."

"Na uliyemgusa?"

"Wa mlangoni. Nilidhani ni lazima niguse mtu ndipo niruhusiwe kutoka. Na ninyi mlikuwa mmeshamkamata, nikasema polisi wanamjua." Akakunja pindo la kitenge, akalikunjua. "Afande, nilimgusa nani?"

Mume wake akainuka akatoka nje.

Nilimkuta Omari ofisini anapanga majalada. Nilifunga mlango, nikasimama kikakamavu kama mshtakiwa, nikamweleza kila kitu kwa mpangilio: Kazimiri ni nani, desturi ikoje, Consolata amesema nini. Alisikiliza bila kunikatiza, kama nilivyokuwa nimeandika kwenye daftari kwamba msikilizaji mzuri hufanya.

"Ulijua kabla au baada?"

"Kabla, afande."

"Nilipokuuliza pale dirishani?"

"Ndiyo."

Aliweka mezani jalada alilolishika. Kisha akaniuliza, na hakuuliza kwa hasira, "Nimekukosea nini, Koplo?"

Ningemjibu nini? Kwamba ulisoma daftari langu siku mbili? Kwamba mahabusu wananyamaza ukizungumza?

"Hujanikosea," nikasema.

Akavuta karatasi akaanza kuandika taarifa. Niliisoma baadaye kwa kuwa ilipita kwangu kwenda mahakamani. Iliandikwa kwamba gwaride lile lisitegemewe, kwamba mwendeshaji wake alishindwa kuchunguza ujamaa kati ya shahidi na waliosimamishwa, na kwamba shahidi hakutazama nyuso. Jina langu halikuwemo popote. Asubuhi iliyofuata mkuu wa kituo alimsema Omari mbele yetu wote tuliojipanga uwanjani. "Hizo ndizo digrii!" alisema. "Mtu anapanga gwaride na baba mkwe ndani!" Konstebo wenye maneno waliinamisha vichwa wasionekane wanacheka. Sentensi moja ya Omari ingenitoa mstarini na kunivua cheo. Hakuisema. Nilitazama mbele, mikono pembeni.

Nimefikiri mara nyingi kwa nini. Labda ni huruma. Labda aliamini kweli kwamba mwenye gwaride ndiye mwenye makosa yake. Ninachojua ni kwamba sikumshukuru, na kwamba wivu wangu haukupungua, uliongezeka. Niliona hata kosa langu amelichukua yeye, na amelibeba vizuri kuliko ambavyo ningelibeba mimi. Mwaka uliofuata alihamishwa, jalada lake likiwa na karipio. Mimi mwaka huo huo nilipandishwa kuwa sajini.

Sasa ya kwenu. Mkiingia polisi, magereza au mahakamani, kila kituo mtamkuta mtu wa aina yangu: hana cheti, amejifunza kwa miaka, na siku mtakayofika atawapigia saluti. Msimwambie mambo yake yako kwenye kitabu chenu. Hata kama yapo. Mwulizeni kwanza lile ambalo kitabu hakina, na mmwulize kwa swali ambalo hawezi kulikwepa kwa ukweli nusu. Omari aliniuliza kama wanafanana. Angeniuliza, "Nani kati ya hawa ni mtu wa nyumbani kwa shahidi?" ningelazimika ama kusema ama kudanganya, na kudanganya sikuwa nimejiandaa. Miaka yangu yote iliyobaki, kabla ya gwaride lolote nilimwomba shahidi anitajie kwa faragha watu asioweza kuwatazama: wakwe, wajomba, padri, mtu aliyekosana naye. Nilimkabidhi ofisa mwenye gwaride karatasi ile ikiwa imekunjwa. Maofisa wageni walidhani ni utaratibu wa zamani wa kituo. Sikuwaeleza ulianzaje.

Limebaki la Nestori. Consolata alitoa maelezo mapya, shtaka likaondolewa, naye akatoka juma la saba. Msimu wa kahawa ulikuwa umekwisha na hapakuwa na shamba la kumpa kazi. Aliyeiba kweli hatukumpata. Niliagizwa mimi nikamtoe rumande. Alikuwa amekonda, mashavu yamezidi kubonyea. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Afande, nimesikia wewe ndiye uliyekwenda Kihanga kumuuliza yule mama. Mungu akubariki. Nyumbani nitawaambia."

"Nenda salama."

Hakuondoka. "Na yule msomi, afande. Mimi nilimfanyia nini mpaka anitendee hivi?"

Palikuwa na nafasi ya kutosha kumwambia ukweli. Hakuna aliyekuwa karibu nasi.

"Ni mgeni huku," nikamwambia. "Hajui mambo yetu."

Alitikisa kichwa kwa kusikitika, akashika njia ya Kibingo kwa miguu. Baada ya hapo nilipangiwa kazi Kibingo mara mbili, na mara zote mbili nilimaliza shughuli mapema nikarudi.

Mmoja wenu akipangiwa huko, amtafute. Atakuwa mzee kama mimi sasa. Amwambie kwamba yule mgeni alikuwa na sababu ya kutojua, na kwamba mimi, aliyeniombea baraka kabla ya kushika njia, nilijua.